Slaidi zinazosomeka hadi benchi la mwisho: mwongozo kwa watoa mada wa Mtwara na Lindi

Mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika huwa na agenda moja inayojaza ukumbi: makato ya korosho, yaani fedha zinazokatwa kwenye bei ya mnada kabla mkulima hajalipwa. Mhasibu anawasha projekta, ukutani linatokea jedwali la safu kumi na nne lililonakiliwa kutoka Excel, naye anaanza kulisoma mstari kwa mstari. Akifika mstari wa tano, mabenchi ya nyuma yameshahamia kwenye simu. Baadaye utasikia meza kuu ikilalamika kwamba wanachama hawaelewi hesabu. Wanaelewa sana. Mkulima wa Tandahimba anayeijua bei ya kila mnada tangu msimu uanze hawezi kushindwa na kujumlisha na kutoa. Kilichomshinda ni kuona.

Mwongozo huu unamfaa mhasibu huyo, afisa ugani, mwalimu, na kijana anayekwenda kueleza mradi wake kwenye Nane Nane pale Ngongo, Lindi. Mfano mkuu ni makato, maana ndiyo mada ngumu kuliko zote kuiweka ukutani. Namba za makato zilizomo humu ni za mfano tu, usizipeleke kwenye kikao chako.

Hatua ya 1: Anza na daftari, laptopu isubiri

Andika sentensi moja: nikimaliza kusema, kikao kiamue nini au watu wakafanye nini? "Kuwasilisha taarifa ya mizani" si jibu. "Mkutano upitishe ununuzi wa mizani mbili za kidijitali kabla ya minada ya Oktoba" ni jibu. Kama sentensi hiyo haiandikiki, huna mada bado, na slaidi hazitakuokoa.

Chini ya sentensi hiyo andika sababu tatu, nne zikizidi. Kisha chora visanduku kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kila kisanduku slaidi moja, na ndani yake weka maneno machache au mchoro wa kalamu. Kwa dakika 20, visanduku 10 hadi 12 vinatosha. Guy Kawasaki, Mmarekani aliyesikiliza maombi mengi ya wafanyabiashara wanaotafuta mitaji, ana kanuni yake maarufu: slaidi 10, dakika 20, herufi zisipungue ukubwa wa 30. Hizo slaidi 10 si msahafu, lakini kwenye herufi amekaribia kupatia.

Ukiruka daftari na kufungua PowerPoint moja kwa moja, programu itakupa kisanduku cha kichwa na orodha ya vidoti, nawe utaijaza. Hivyo ndivyo slaidi nyingi zinavyofanana.

Hatua ya 2: Kichwa cha slaidi kiseme jambo

"Makato ya msimu" ni lebo ya faili. "Katika kila shilingi 3,000, mkulima alipokea 2,720" ni taarifa. Mtu aliyechelewa kuingia, akisoma kichwa peke yake, awe amepata kiini.

Kichwa kiishie mistari miwili. Kisipotosha, slaidi ina mambo mawili, igawe. Na kisipingane na kilichomo chini yake. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipovunjika tarehe 1 Februari 2003 na kuua wanaanga 7, tume ya uchunguzi iliikosoa hadi slaidi ya PowerPoint iliyotumika kuwaeleza wakubwa hatari iliyokuwepo: kichwa chake kilitia moyo, na habari nzito ilikuwa imezikwa kwenye vidoti vya chini kabisa kwa herufi ndogo. Slaidi haikuangusha chombo, lakini wenye uamuzi waliisoma na hawakushtuka.

Kiswahili kitumike mwanzo hadi mwisho. Ripoti ya mradi inaweza kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, ila mkutano wa Nanyamba au Liwale unakaa kwa Kiswahili, na mzee anayelazimika kutafsiriwa na jirani yake anapoteza maneno ya msemaji yanayofuata. Sema stakabadhi ghalani, daraja la kwanza, ukomo wa madeni, ubwiri unga (ule ugonjwa wa ungaunga mweupe kwenye mkorosho). Hayo ndiyo majina wanachama wanayoyatumia ghalani na mashambani.

Hatua ya 3: Pima herufi kwa ukumbi, usipime kwa macho yako

Hapa ndipo slaidi nyingi zinapoharibika, na dawa yake ni hesabu ndogo.

Uliza mambo mawili: skrini ina upana gani, na benchi la mwisho liko umbali gani? Tuseme skrini ni mita 2 na benchi la mwisho liko mita 12. Gawanya: umbali ni mara 6 ya upana. Sasa pima upana wa kioo cha laptopu yako. Ya inchi 15.6 ina takriban sentimita 34. Zidisha kwa 6, unapata mita 2 na kidogo. Fungua slaidi ijae kioo, simama mita mbili nyuma, soma. Usichokisoma hapo, mwenye benchi la mwisho hatakisoma. Mwite na mtu wa miaka hamsini naye ajaribu, bila kumwambia kilichoandikwa.

Kwa ukumbi wa namna hiyo, vipimo vyetu ni hivi: kichwa 36 hadi 40, maneno ya kawaida 32, na 28 ndiyo sakafu. Herufi kubwa ya ukubwa wa 28, kwenye slaidi pana ya 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) na skrini ya mita 2, inatoka na kimo cha sentimita 4 hivi. Herufi kama "a" na "e" ni sentimita 3. Kwa mita 12 hapo si pakubwa. Namba moja unayotaka ikumbukwe ipe 120 au zaidi na uiache peke yake.

Uliza pia umbo la picha ya projekta. Projekta nyingi za zamani maofisini zinatoa picha ya 4:3. Ukiipelekea slaidi ya 16:9, robo ya kimo inabaki mikanda mitupu juu na chini. Badilisha ukubwa wa slaidi mwanzoni kabisa, maana ukibadilisha baada ya kupanga kila kitu, picha zinavutika na maneno yanahama.

Jambo jingine ambalo vitabu havilisemi: acha robo ya chini ya slaidi bila maneno. Ukumbi wetu wa kawaida una sakafu tambarare na dari fupi, na aliyekaa nyuma anatazama kupitia kofia na vilemba vya waliokaa mbele. Kinachoandikwa chini kinasomwa na mabenchi mawili tu.

Hatua ya 4: Ujue mwanga wa ukumbi kabla ya kuchagua rangi

Projekta haitoi giza. Mahali penye rangi nyeusi kwenye slaidi, projekta inaacha tu kurusha mwanga, kwa hiyo "nyeusi" unayoiona ni rangi ya ukuta ulivyo saa hiyo. Saa tano asubuhi, madirisha wazi, jua la pwani linaingia, ukuta ni mweupe-kijivu. Slaidi ya bluu iliyokolea yenye maandishi meupe, iliyopendeza sana usiku nyumbani, inageuka ukungu.

Kwa hiyo kikao cha mchana kwenye ukumbi wa madirisha: mandhari meupe, maandishi meusi au bluu iliyoiva. Mandhari ya giza yabaki kwa ukumbi unaozibika mwanga. Rangi ya msisitizo iwe moja, kwa mfano rangi ya chungwa iliyokolea. Nyekundu juu ya bluu inachezacheza machoni. Nyekundu na kijani zikitofautisha "hasara" na "faida" zinawapoteza wanaume wasioziona tofauti, na kila kikao kinaweza kuwa nao.

Huna haja ya kuziba madirisha yote, na kwa joto la Mtwara ukifanya hivyo watu watatoka. Ziba mawili yaliyo karibu na skrini kwa khanga au kitenge kizito, mengine yaache yapitishe upepo. Skrini iwe upande usiopigwa jua. Kama hakuna skrini, shuka jeupe lililonyooshwa na kupigiwa pasi linafaa kuliko ukuta wa rangi ya krimu. Lifunge pembe nne, vinginevyo feni italipeperusha pamoja na chati yako.

Projekta ya kawaida inataka kukaa mita 3 hadi 4 kutoka ukutani kwa picha ya upana wa mita 2. Kwa mchana, ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) ndiyo ya kuanzia. Iinue juu ya meza na boksi badala ya kuielekeza juu kwa pembe kali: picha inakuwa pana juu na nyembamba chini, na ukiirekebisha kwa kitufe sana, herufi zinapoteza ukali. Ukingo wa chini wa picha uwe angalau mita 1.2 kutoka sakafuni.

Hatua ya 5: Geuza jedwali kuwa kitu kimoja cha kutazama

Turudi kwenye makato. Tuseme bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo, na makato ni: chama cha msingi 80, chama kikuu 40, halmashauri 90, usafirishaji 50, ghala 20. Jumla 280. Mkulima anabaki na 2,720.

Usiingize jedwali. Tengeneza mhimili mmoja uliolala, yaani mstatili mrefu kama slaidi, halafu uonyeshe kwa slaidi tatu zinazofuatana:

Slaidi ya kwanza, mhimili mzima wa kijivu, juu yake 3,000. Hakuna kingine.

Slaidi ya pili, nakala ya ile ya kwanza, ila kipande cha kulia kimegeuka rangi ya chungwa: 280. Kipande kikubwa kimeandikwa 2,720.

Slaidi ya tatu, kipande cha chungwa kimekuzwa na kujaza slaidi, kimegawanywa vipande vitano, na kila kimoja kimeandikwa jina na kiasi ndani yake au juu yake.

Njia hii ya kunakili slaidi inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote na hata kwenye PDF. Michezo ya maneno kuruka na kuzunguka inakwama kwenye laptopu nzee, na msikilizaji anasubiri herufi itue badala ya kukusikiliza. Ondoa mistari ya gridi, ondoa kisanduku cha ufunguo wa rangi, ondoa kivuli na umbo la 3D. Chati ya duara yenye vipande vitano iepuke: jicho halioni tofauti ya 80 na 90 kwenye duara, na kwenye makato ugomvi wote uko kwenye tofauti hiyo.

Jedwali kamili halipotei. Lichape, libandike kwenye ubao wa matangazo wa chama siku mbili kabla, na weka nakala mlangoni. Anayetaka kukagua shilingi kwa shilingi ana haki hiyo, na karatasi ndiyo mahali pake. Mtu hawezi kusoma sentensi ukutani huku anasikiliza nyingine. Moja itaanguka, na mara nyingi ni ya msemaji.

Sasa jambo litakaloongelewa kijiweni. Njoo na kilo moja kamili ya korosho ghafi na kisahani. 280 kati ya 3,000 ni kama asilimia 9.3, sawa na gramu 93. Ukifika slaidi ya pili, bonyeza herufi B kwenye laptopu: PowerPoint inazima picha ukutani bila kufunga kitu. Toa gramu 93 ulizopima mapema kwenye mizani, zimimine kisahanini, zihesabu mbele ya kikao ikibidi, kisahani kipitishwe mkononi hadi nyuma. Bonyeza B tena, endelea. Wanachama watasahau chati, ila mtu aliyeshika makato yake kiganjani hawezi kuyasahau. Kwa bei yenu halisi piga hesabu upya, na pima kweli, usikadirie. Mzee wa mstari wa tatu atazihesabu.

Namba kubwa zisizoshikika mkononi zipe mwili. Anayeeleza utalii wa Lindi akisema mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru, mifupa iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na leo imesimamishwa Berlin, ana kimo cha mita 13.27, watu wataitikia kwa kichwa tu. Chora kivuli chake, na kando weka vivuli vya watu wa mita 1.70 waliosimama mmoja juu ya kichwa cha mwingine hadi kichwani pake: wanakaribia wanane.

Hatua ya 6: Picha zako mwenyewe, zikipigwa vizuri

Picha za kudownload za wazungu waliovaa suti wakipeana mikono zinawaambia wasikilizaji kwamba mada hii si yao. Piga zako kwa simu.

Kuna ufundi. Ukitaka kuonyesha ubwiri unga kwenye maua ya mkorosho, usipige ua likiwa na anga nyuma yake. Ungaunga mweupe unapotea kwenye mwanga. Mwenzako ashike khanga nyeusi nyuma ya ua, piga asubuhi au jua likipungua, sogea hadi ua lijaze kioo. Piga pia ua lisilo na ugonjwa la mti jirani kwa umbali ule ule. Weka picha mbili ubavu kwa ubavu, kila moja nusu ya slaidi, neno moja moja: "Mzima", "Mgonjwa". Hapo ndipo maelezo ya lini kupuliza dawa ya salfa yanapata pa kushikia.

Picha za simu ni nzito, megabaiti 4 hadi 8 kila moja, na faili la slaidi 15 linaweza kugoma kufunguka kwenye laptopu ya ukumbini. Kwenye zana za picha za PowerPoint kuna amri ya kuzibana. Chagua pikseli 150 kwa inchi. Ukutani hutaona tofauti. Ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikienda kama picha ya kawaida inabanwa na maandishi madogo ndani yake yanafifia. Na uso wa mtu usiuweke ukutani bila yeye kukubali, hasa kwenye habari ya deni au ugonjwa.

Hatua ya 7: Fanya mazoezi ya toleo mbili

Ratiba inasema saa tatu. Viongozi wakifika saa nne na nusu, ikaja dua, wimbo, utambulisho wa meza kuu na salamu za wageni, dakika zako 20 zitakuwa nane, na utaambiwa "fupisha" ukiwa umeshasimama. Kukimbiza slaidi 12 kwa dakika nane ni kuzipoteza zote.

Jiandalie toleo fupi kabla: slaidi nne tu. Andika namba zake kwenye kikaratasi, mfano 1, 4, 7, 12. Wakati wa kuonyesha, ukichapa 7 kisha Enter, PowerPoint inakwenda slaidi ya 7 moja kwa moja, bila watu kuona ulizoruka.

Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, simu inahesabu muda, mara tatu. Usiposema kwa sauti utadhani dakika 20 ni nyingi. Salamu za itifaki zitoe kwa mdomo. Slaidi ya kuorodhesha waheshimiwa waliopo inazaa makosa, kwani daima kuna mmoja aliyefika bila kutegemewa.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika saa moja kabla. Kwenye begi: laptopu na chaja, ekstensheni ya mita 5 kwenda juu, kebo ya HDMI, adapta ya VGA (projekta ya ukumbini inaweza kuwa na tundu hilo tu, na VGA haipitishi sauti), rimoti na betri za akiba. Faili liwe sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye flashi, kwenye simu. Weka na nakala ya PDF, kwa sababu kompyuta nyingine isipokuwa na fonti yako itachagua yake na mistari itavunjika ovyo.

Picha isipotokea ukutani, bonyeza Windows na P pamoja, chagua kurudufisha kioo. Ikigoma, zima projekta, chomeka kebo, kisha washa upya. Funga WhatsApp ya kwenye kompyuta. Ujumbe wa mdai wako ukitokea kona ya skrini, ndio utakaosomwa na wote, hata benchi la mwisho.

Umeme ukikatika, projekta ya taa haiwaki mara moja unaporudi. Taa lazima ipoe dakika kadhaa, na ukiibonyezabonyeza unaimaliza. Ndiyo maana ile michoro mitatu ya mhimili inachorwa pia kwenye karatasi kubwa za bango kwa kalamu nene, jana yake. Zitundike ukutani, endelea. Kisahani cha korosho hakihitaji umeme.

Slaidi ya mwisho

Futa "Asanteni kwa kunisikiliza". Hiyo ndiyo slaidi itakayokaa ukutani muda mrefu kuliko zote, wakati wa maswali na mjadala, usiipoteze kwa shukrani ambazo mdomo unaweza kuzitoa. Andika pendekezo la azimio, neno kwa neno, kama unavyotaka liingie kwenye muhtasari: kiasi, tarehe, nani atatekeleza. Nyuma yake weka slaidi za akiba, jedwali kamili na hesabu za msimu uliopita, ambazo utazifungua tu kwa namba zao mtu akiuliza. Ukishajibu, rudi kwenye azimio uliache hapo hadi mikono inyooshwe, ili mwandishi wa muhtasari anakili kutoka ukutani.